Mikono Yako Haikuwa na Kosa, Neema

Mdogo wangu Neema,

Simu yako imezimwa tangu ulipokwenda Nyakabuye kwa shangazi, na ninajua shida si betri. Basi nimechukua kalamu. Barua hii itakuja na gari la huko, na nakala yake nimemwachia mama kiongozi wa kikundi chetu kanisani aisome mbele ya wanawake, kwa sababu ujumbe ule ule uliotupata sisi bado unazunguka kwenye simu zao. Hupendi mambo yako yasikike, najua. Lakini aibu hii si yako, na umeibeba peke yako muda wa kutosha.

Nakumbuka Bukavu, kabla familia haijarudi upande huu wa mpaka, Maman, mama yetu, akitufundisha kroshe sisi wawili kwenye mkeka mmoja. Kitambaa changu kilitoka na matundu makubwa, akacheka: “Wewe, tutakutuma ku ziwa kuvua samaki ya sambaza na hii.” Cha kwako alikigeuza pande zote mbili akitafuta uzi ulipoishia, asiuone. Alikiweka juu ya redio, na kila mgeni alionyeshwa. Nilikuonea wivu kidogo, nakiri. Lakini pia nilitembea nikijivuna, maana ulikuwa mdogo wangu mimi.

Ulipobaki peke yako na mwanao Aline, mimi nilivuka mpaka kila asubuhi na nyanya zangu za kuuza Bukavu, wewe ukabaki nyumbani Kamembe. Ulitamani kazi ya kufanya pale mlangoni, mtoto akiwa karibu. Ndipo ujumbe ukaja, na ulikuja kwangu, si kwako. Ulitoka kwa dada tuliyeimba naye kwaya, naye alikuwa ameupata kwa mwingine. Ulianza na “Bwana asifiwe.” Kisha: kazi ya nyumbani, nunua pakiti ya shanga, tunga mikufu kama ile ya kwenye picha, sisi tutainunua yote. Nilipokusomea mimi, dada yako mkubwa, uliruka juu.

“Yaya, hii minaweza kuifanya na mutoto ku mugongo!”

Watu wa kwingine pengine wangeshtuka kuambiwa watoe kabla ya kupata. Sisi tumelelewa na likelemba, mchango wa akina mama wanaopokea kwa zamu. Tangu utoto tulimwona Maman akitoa kila wiki na kungoja zamu yake, na zamu ikifika kweli. Kutoa kwanza, kwetu, ni adabu. Tulisahau jambo moja tu: katika likelemba unaujua mlango wa kila mama, na akichelewa unakwenda kukaa kwake mpaka aone haya. Hawa wa shanga hawakuwa na mlango. Walikuwa namba ya simu na picha ya mwanamke anayetabasamu.

Pakiti ilifika kwa basi. Ulitunga pale mlangoni kwenye mwanga, Aline amelala kwenye kitenge, na mimi nikirudi kutoka Bukavu nilikuta mikufu imepangwa kwenye sinia kwa rangi. Tulituma picha. Walijibu kwamba haina kiwango, nunua pakiti nyingine ujizoeze. Ukanunua. Wakajibu hivyo hivyo. Uliniangalia mimi, Neema. Ulitaka niseme neno moja. Nami nikasema:

“Pengine haukuvuta uzi muzuri. Rudilia.”

Ukafumua yote. Tangu siku ile sikukuona tena na sindano wala kroshe. Vitambaa ulivyoanza ulimpa jirani afutie meza, ukasema mikono yako haifai, ni ya jembe tu. Wiki iliyofuata ukapanda gari.

Baada ya wewe kuondoka niliokota mkufu mmoja nyuma ya kitanda. Nikaupeleka kwa mama mmoja wa hapa Kamembe mwenye atelie, karakana ndogo ya kufuma, anayewapa wanawake kazi ya kufumia nyumbani kofia na shali za watoto wachanga. Aliupeleka dirishani, akauvuta, akahesabu mafundo. Nilimweleza yote, na jinsi ulivyoambiwa huna kiwango.

“Ni nani alisema hivyo? Hii ni kazi ya muntu mwenye anajua. Sikia, maman. Bale bantu hawakukuwa banatafuta mikufu. Bilikuwa biashara ya kuuza shanga. Wangesema ni muzuri, wangelipa. Sasa wangeuza nini tena?”

Nilimuuliza kama na kwake kuna pakiti ya kununua. Alicheka kwa huruma. Uzi anatoa yeye. Unafuma kofia moja ya jaribio mbele yake, na hiyo moja analipa hata kama hatakuchukua. Alinionyesha mama wawili wanaomfumia, wanakaa njia ya sokoni, akasema niende nikawaulize bila yeye kuwepo. Nilikwenda. Mmoja alilalamika kwamba malipo si makubwa na kwamba yule mama ni mkali kuhusu mishono. Malalamiko hayo yalinituliza kuliko sifa zote za kwenye simu. Wale wa shanga hawakuwahi kulalamikiwa na mtu, maana hakuna waliyewahi kumlipa kwa kazi yake.

Mama huyo anakungoja. Lakini sitaki urudi kabla hujajua jambo ambalo sijamwambia yeyote, na ambalo wanawake wa kikundi watalisikia pamoja nawe.

Siku uliponunua pakiti ya kwanza, watu wale walinitumia pesa kwenye simu yangu, kwa sababu ya kukuleta. Sikukuambia. Ndiyo pesa pekee niliyowahi kuiona ikitoka kwao: hawakulipa kazi yako, walilipa kuletwa kwako. Kwa hiyo uliponiangalia ukitaka neno, nilikuwa tayari nimekula chao. Kama wao ni wezi, mimi ni nani? Ilikuwa rahisi kwangu mikono yako iwe na kosa.

Ile pesa nilinunulia nyama ya Jumapili. Nikakudanganya kwamba nyanya zimetoka vizuri. Wewe ukafumba macho mezani, ukamshukuru Mungu kwa ajili ya biashara yangu, halafu ukaniwekea mimi kipande kikubwa. Nami nikala.

Kasirika, mdogo wangu. Kasirika mpaka iishe, wala usiharakishe kwa sababu yangu. Ila usiendelee kuiadhibu mikono yako kwa kosa langu. Mbusu Aline, na umsalimu shangazi.

Ni mimi, yaya wako.