Mafuta ya Kondoo

Katesh, 8 Februari 1955

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na dada Hajira, na hao kuku wake wanaolala jikoni. Huku hatujambo, ila joto limezidi na vumbi la Gendabi linaingia mpaka kwenye chai.

Baba, lori lako linasaga meno. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu linapiga kelele mpaka ng'ombe wanatupisha njia. Klachi nimeitazama, ni nzima. Nilidhani giaboksi imekauka, nikaongeza mafuta yaliyobaki kwenye kopo la difu, yale ya gia za magurudumu ya nyuma, lakini kelele ikazidi. Sasa nataka kuyamwaga yote nitie mapya. Nitie yapi? Dukani kuna makopo ya kila namna, yote yanaitwa mafuta, na muuzaji ananiambia nichague rangi niipendayo!

Naharakisha kwa ajili ya ahadi yetu. Hajira ameniandikia kwamba ukungu wa machoni mwako unakaribia kufunga, na daktari amesema hauna dawa. Sijasahau neno lako: kabla haujafunga unataka kuuona mlima Hanang mara moja tena, umekaa kiti cha mbele kwenye lori lako mwenyewe. Lakini kwa gia hii siwezi kupanda mlima wa Dareda kuja kukuchukua. Nijibu upesi.

Mwanao,
Tawakali

Mbulu, 19 Februari 1955

Mwanangu Tawakali,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Usishangae mistari kupanda na kushuka, naifuata karatasi kwa kidole.

Mafuta ya difu! Hukuyanusa? Yananuka yai viza. Chenye harufu ile ndicho kinachokula shaba, na ndani ya giaboksi yetu mna vipande vya shaba. Mwaga yote leo hii. Ya injini usitie, ni mepesi mno kwa joto la huko. Wala usichukue mazito kupita kiasi, maana asubuhi za huku juu unazijua, yataganda na gia itakukatalia. Tia mafuta ya kondoo. Sisi madereva wa zamani hatukutumia mengine. Yanafaa bondeni na yanafaa mlimani.

Siku hizi nikikaa kibarazani nasinzia, na nikisinzia naendesha. Hanang uko mkono wa kushoto, halafu barabara inapinda na mlima umehamia kulia, kama mtu aliyebadilisha kiti ili anione vizuri. Nikiamka naona weupe tu, na katikati ya weupe kivuli cha mti wa jirani. Kivuli hicho bado ninacho. Njoo kabla hakijaniaga.

Baba yako,
Seifu

Katesh, 21 Machi 1955

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Hali yangu nzuri, ya lori usiulize.

Nilifanya ulivyosema. Nilikwenda Gendabi kwa Gidahosh, yule mfugaji rafiki yetu, nikamweleza kwamba lori la Baba linaumwa na limeandikiwa mafuta ya kondoo. Hakucheka hata kidogo. Alichagua mwenyewe kondoo mwenye mkia mnene, akachinja, na mkewe akayayeyusha mafuta ya mkia mpaka yakawa safi kabisa. Gidahosh alisema kitu kinacholia hupakwa mafuta kikanyamaza, hata mtoto ni hivyo hivyo.

Na kweli, Baba, lilinyamaza! Huku tambarare nilibadilisha gia bila kusikia kitu. Niliimba njia nzima, nikijua nakuja kwako. Dareda mvua ikanishika katikati ya mlima, nikalala palepale. Asubuhi kulikuwa na baridi, na gia imesimama kama nguzo iliyochimbiwa. Mafuta yaliganda yote. Mbwa walilizunguka lori wakilamba chini. Nilivutwa kwa maksai mpaka bondeni, na watu wakitazama.

Baba, ulikuwa unanitania? Kama ni utani, haukunichekesha. Wewe unanihesabia siku na mimi nanuka supu.

Mwanao,
Tawakali

Mbulu, 2 Aprili 1955

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa dada yako, maneno ni yangu.

Hajira aliponisomea barua yako nilicheka mpaka akaniletea maji. Kondoo yuko kwenye picha, mwanangu! Ni kopo jekundu lenye picha ya kondoo dume mwenye pembe. Wengi wetu hatukujua kusoma, ndiyo maana tuliyaita mafuta ya kondoo. Mimi nilisahau kwamba neno hilo ni letu wazee, na wewe ukanitii kama mtoto mwema. Mpe Gidahosh salamu na shukrani. Nimeendesha miaka mingi, sijapata kusikia lori lililochinjiwa. Sasa osha giaboksi kwa mafuta ya taa, uyamwage, kisha utie ya kopo.

Kivuli cha mti kimekwenda. Nilikaa kibarazani nikikingoja mpaka Hajira akaja kuniambia jua limeshazama. Nimelia, sikufichi. Usijilaumu, na usije tena kwa haraka. Barabara ina utelezi na hakuna cha kuwahi.

Baba yako,
Seifu

Katesh, 14 Aprili 1955

Baba,

Shikamoo. Kopo la pembe nimelipata, lilikuwa nyuma ya magunia ya chumvi. Nimetia. Nakuja kukuchukua.

Utakaa kiti cha mbele kama tulivyoahidiana. Mlima nitakusimulia mimi. Mwambie Hajira afungashe blanketi.

Mwanao,
Tawakali

Mbulu, 9 Mei 1955

Mwanangu Tawakali,

Marahaba, na pole kwa safari. Tangu uliporudi huko hatujambo. Kuku wa Hajira walimkasirikia kwa kuachwa, sasa wamesamehe.

Hajira ana wasiwasi na kikohozi chako, anataka kukutumia asali. Nimemwambia aiweke, kikohozi hicho kinatokea kwenye gia ya pili kwenda ya tatu tu. Kila ulipobadilisha ulikohoa, lakini sikio langu ni la dereva. Shaba imeshaliwa, mwanangu, na mafuta mazuri hayarudishi kilicholiwa. Kanyaga klachi mara mbili, usiilazimishe gia, nayo itakuvumilia miaka.

Jambo la pili. Pale Gendabi ulisimamisha lori ukaniambia mlima uko wazi mpaka kileleni. Ukanionyesha msitu unapoishia na majani yanapoanza, na lile bonde lenye kivuli upande wetu, na wingu dogo moja likipita mbali bila kuugusa. Mkono wangu ulikuwa nje ya dirisha, ukilowa manyunyu. Nyuma nilimsikia Hajira akijifunika turubai. Mimi naujua Hanang. Manyunyu yale yakianguka, hata miguu yake haionekani.

Sikutaka kukukatiza. Ulikuwa unauona vizuri sana.

Hajira anaandika haya huku akijifuta macho kwa kanga, mpuuze. Sasa nikisinzia kibarazani naendesha kama zamani, na mlima unaokaa kulia kwangu ni ule ulionionyesha wewe. Ahadi yako umeitimiza.

Ukija tena, nionyeshe na lile ziwa la chini ya mlima.

Baba yako,
Seifu