Nilikwambia ni Waya, Ukacheka

Mzaramo,

Salamu usitarajie. Ungekuwa hai ningekuuliza mwaka huu mmeuza minazi mingapi ili mcheze ngoma, nawe ungeniuliza shingo yangu itatoka lini mabegani, maana sisi Wanyamwezi kwenu ni wapagazi mpaka kiama. Leo sina matusi ya kukupa. Nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda, kwa sababu mtani hakasiriki. Ndiyo maana nimekaa barazani hapa Kariakoo namwandikia mtu asiyeweza kunijibu ovyo.

Boti yenu imetengenezwa. Ubavu uliobonyea wameunyoosha, wakaupaka rangi, na inavuta matishari kutoka melini kama zamani. Mhandisi alichungulia tangi, akaona uchafu kidogo chini, akakata shauri: dereva wa injini hakuchuja mafuta. Wewe! Wewe uliyekuwa ukichuja mafuta kwa kitambaa cha kanzu yako kuukuu, ukinifukuza hata nikitaka kupiga chafya karibu na pipa. Gatini kote wakaanza kusema Kondo kajiua kwa uvivu. Nilisikia mpaka wachuuzi wa samaki wanasema.

Hukufa kwa uchafu. Ulikufa kwa waya, nami nilikwambia.

Kumbuka ile injini ilipozimika mara ya kwanza. Tulikuwa tunavuta tishari la saruji, mimi nimeingia kutazama betri, kazi yangu. Injini ikakohoa, ikalegea, ikanyamaza. Ukapiga magoti, ukafungua mabomba ya mafuta, ukatoa hewa, ukavuta kwa mdomo, ukatema. Baadaye ikawaka. "Hewa kwenye bomba," ukasema, na kifua mbele. Mara ya pili ukafanya vilevile, ikawaka vilevile. Nani angekubishia?

Lakini mimi nilikuwa na masikio. Boti ile tangi lake liko chini, mafuta hayapandi yenyewe hadi kwenye injini. Kuna pampu ndogo ya umeme inayoyapandisha, nayo hugonga muda wote, tik, tik, tik. Kila mara, kabla injini haijakohoa, pampu ilinyamaza kwanza. Injini ikishazima, mtikisiko unakwisha, waya unagusana tena, pampu inarudi kugonga. Mafuta yanapanda huku wewe umekumbatia mabomba yako, kisha unajisifu kwa kazi ambayo hukuifanya.

Nilikwambia tukirudi nyumbani, pale Mnazi Mmoja. Nilisema: "Si hewa. Waya wa pampu umeoza mahali. Mzigo ukiwa mzito injini inatikisika, waya unaachia." Ukasimama. Ukacheka mpaka ukanishika bega usianguke. "Dizeli haina plagi, mtumwa wangu! Haijui umeme. Nyie mmezoea kubeba pembe, mkiona waya mnadhani nyoka." Wapita njia wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, maana ulisema vizuri.

Kesho yake nikarudia kwenye kahawa, kwa uso mkavu kabisa. Ukawaita watu waje wasikie utani mpya wa Mnyamwezi. Angekwambia Mngazija, ungefungua sakafu siku ileile. Angekwambia Mmanyema, ungebisha kidogo kisha ungekwenda kutazama kwa siri. Mimi nilikuwa mtani wako, basi neno langu likawa la kuchekea. Na sakafu ya chumba cha injini ilikuwa yako, hafungui mtu bila ruhusa yako. Mtu wa betri anaishia kwenye betri.

Siku ile nilikuwa gatini. Niliiona boti ikisimama katikati ya bandari, moshi ukakatika. Tishari la saruji halisimami kwa sababu wewe umesimama. Likaja taratibu kwa uzito wake. Wanasema uliacha mabomba, ukatoka, ukaweka mguu ubavuni ulizuie. Mguu, Mzaramo! Mguu wa mtu mmoja kwa tishari zima! Likakubana palepale ubavuni mwa boti. Ningekucheka mwaka mzima kwa hilo kama ungebaki hai.

Mazishi nilikufanyia yote yaliyonipasa. Nililala njiani mbele ya jeneza nikasema hapiti mtu mpaka nipewe jogoo. Makaburini nikachutama, nikajifanya navuta mafuta kwa mdomo na kutema, nikasema kwa sauti yako: "Haijui umeme!" Kisha nikasema kweli, mbele ya kaburi wazi: "Huyu kauawa na waya na ukaidi wake, na boti ile itaua mwingine." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mzee mmoja akanipa mkono, akasema siku nyingi hajaona mtani anayejua kazi yake. Nilitamani kumpiga.

Unajua basi kazi yako amepewa nani? Salumu, mdogo wako. Hata arobaini yako haijafika, injini imemzimikia mara mbili, naye kafungua mabomba kama ulivyomfundisha. Nilimfuata nikamwambia waya. Akatabasamu kwa huzuni. "Mtani, hata kaka hajazoea kaburi, umeshaanza?" Niliapa kwa jina la mama yangu. Akasema siku hizi Wanyamwezi wanatania mpaka na mama zao.

Nilikaa siku kadhaa nikisikiliza upande wa bandari kama mwendawazimu. Kila nikisikia kelele, moyo unasema: tayari.

Ikafika arobaini. Khitma imesomwa, pilau imeliwa, watu wakanigeukia, maana walijua zamu yangu imefika. Nikasimama uani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukukejeli wewe na mguu wako. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Walidhani ni mchezo, wakapiga makofi. Nikajaribu kujizuia, sikuweza. Nikakaa chini vumbini, mimi mtu mzima, nikalia kwa sauti kama mfiwa. Wakazidi kucheka. Mmoja akasema, "Tazama anavyolia vizuri, mwongo huyu!"

Aliyewanyamazisha ni Mwanahawa, mkeo. Yumo edani, hakutoka, alisema kutoka nyuma ya pazia. "Mtani halii," akasema. "Huyo analia kweli. Salumu, muulize anataka nini."

Asubuhi Salumu mwenyewe akainua ubao wa sakafu. Nikafunga taa ndogo mwisho wa waya, pale pampuni, ikawaka vizuri. Nikamwambia aufuate waya kwa vidole hadi unapopita juu ya maji ya ngamani, yale yanayotuama chini ya sakafu, autikise. Taa ikazima. Akaachia, ikawaka. Akatikisa tena, ikazima. Tukaukata. Nje nguo yake ya mpira nzima, nyeusi, huwezi kuishuku. Ndani shaba imekuwa unga wa kijani, zimebaki nyuzi mbili tatu. Nikaweka waya mpya, nikaupitisha juu, mbali na maji. Tangu hapo boti haijazimika.

Salumu alikaa na kile kipande mkononi. "Kumbe kaka alikuwa anachuja mafuta," akasema.

"Alikuwa anachuja."

Akanitazama. "Yeye ulimwambia habari hii?"

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo, Mzaramo. Nilitaka kumwambia yote: Mnazi Mmoja, kahawani, kicheko chako, bega langu. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue kwamba sikuwa natania. Nikamwona macho yake. Nikasema, "Hapana. Nilimtania tu."

Basi sasa gatini wanasema Kondo alikuwa fundi hodari, ila yule Mnyamwezi mjinga alijua, akafanya utani badala ya kumwambia. Wengine hawanipi mkono. Hilo nimekuachia, kaa nalo huko, na kama kuna aibu huko, likuaibishe kidogo.

Buriani. Ninakuahidi Salumu nitamtazama kama mdogo wangu, na nitakalomwambia la kazi atalisikia, maana nyumba yenu siitanii tena. Utani nimeumaliza. Jana Mwanahawa alimtuma binti yako aniletee chakula. Akasimama mlangoni, akaniita mtumwa wake kama ulivyomzoesha, akasubiri nimtukane. Nilipokea sahani, nikamshukuru. Akacheka peke yake kidogo, akinitazama usoni, mpaka akaacha.

Maganga