Shokomzoba za Gari la Baba

Simbo, Kigoma
4 Mei 1976

Kaka Dismasi,

Shikamoo. U mzima? Sisi tunaendelea, mihogo imekubali mwaka huu, na shemeji yako Leodgar bado anakoroma. Ni miaka miwili tangu upande treni kwenda Dar es Salaam na hujaniandikia hata mstari mmoja, kwa hiyo salamu zangu zinaishia hapo.

Nakuandikia kwa ajili ya gari la marehemu baba, lile la mbio la viti viwili aliloachiwa na Mbelgiji aliyekimbia Kongo. Kijiji kimejaa watu waliohamishiwa hapa, lakini gari ni hilo hilo moja. Tangu ulipoongeza vyuma kwenye springi za nyuma halikwaruzi tena chini, ila likipita shimo moja linaruka mara tatu.

Kaka, nina mimba ya miezi sita. Ya kwanza unajua ilivyokwisha. Ulikuwa hujamaliza mwezi huko, tukaenda hospitali kwa gari hili, mtoto akazaliwa amekufa, na watu wakasema ni barabara. Mkunga ameniambia hii nayo lazima nikajifungulie mjini. Usingizi sina. Niambie shokomzoba zinarekebishwaje. Nilikuwa nakushikia spana gerejini kwa baba, nitaelewa.

Mdogo wako,
Verediana

Dar es Salaam
21 Mei 1976

Mdogo wangu Verediana,

Marahaba. Mimi mzima, kazi ni nyingi.

Springi ikiongezwa ugumu hurudi juu kwa nguvu zaidi. Kazi ya shokomzoba ni kuizuia isirudi haraka. Zenu zimebaki na ulaini wa zamani, ndiyo maana gari linaruka. Zifungue, uangalie oili kama ipo na kama ni safi. Kisha ndani utaona skrubu. Kaza robo mzunguko, kulia na kushoto sawasawa, usizidishe. Kandamiza gari kwa nyuma uliachie. Likipanda mara moja na kutulia, ni sawa. Likiendelea kucheza, ongeza robo nyingine. Ukikaza kupita kiasi litapiga kama halina springi kabisa, na hiyo ni mbaya kuliko kuruka. Kila ukiongeza, lijaribu kwenye barabara ile ile, mwendo ule ule.

Kaka yako,
Dismasi

Simbo
15 Juni 1976

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza habari za tumbo langu. Sikupaona.

Hata hivyo tumefanya ulivyosema. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikitoa amri, Leodgar akalala chini ya gari akinung'unika. Tulipofungua shokomzoba ya kwanza, kilichotoka ni chekundu. Mawese, kaka. Mwaka jana oili ilipoadimika madukani, bwana huyu alijaza mawese na hakumwambia mtu. Asubuhi yanaganda, gari linapiga mpaka meno yanagongana. Jua likipanda yanayeyuka, gari linaruka ovyo. Nilipomuuliza alisema kwao mawese yanatibu kila kitu. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Tukaosha kwa mafuta ya taa, na fundi mmoja wa injini za boti pale Kibirizi akatugawia oili ya kweli. Robo ya kwanza, gari bado liliruka mara mbili. Robo ya pili, likapanda mara moja likatulia. Nikasema basi. Kesho yake tunakwenda darajani, kiti kikanipiga mgongoni, kumbe Leodgar ameongeza robo ya tatu kwa siri. Anasema bora liwe gumu kabisa. Nimemrudisha chini akailegeza.

Sasa linakwenda vizuri, lakini bado naogopa. Linatosha? Nijibu kama kaka, usinijibu kama fundi.

Verediana

Dar es Salaam
2 Julai 1976

Verediana,

Habari za tumbo lako? Ningeuliza tangu mwanzo, niliogopa jibu.

Siku ile niliyosafiri, vyuma vya springi nilivimaliza asubuhi. Shokomzoba sikuzigusa. Zilihitaji nusu siku nyingine na treni ilikuwa inaondoka. Leodgar aliponiuliza nilimwambia, "Gari tayari." Nilijua si tayari. Wiki chache baadaye shangazi Skolastika akaniandikia kwamba mtoto amefia njiani. Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu kukuandikia naiweka chini. Mtoto wako nilimuua mimi, kwa kuwahi treni.

Skrubu uziache hapo ulipoziweka, umezipatia. Lakini usingoje uchungu ukukute Simbo, maana hakuna skrubu ya kuitengeneza barabara ile. Nenda sasa hivi kwa shangazi Ujiji, ukae huko mpaka siku zako zitimie. Na unijibu, hata kwa matusi.

Dismasi

Dar es Salaam
9 Agosti 1976

Mdogo wangu,

Wiki ya sita hii, sijapata jibu. Posta nakwenda kila siku mpaka karani ananipungia mkono nikiwa bado mlangoni. Niliomba ruhusa kazini nije, nimenyimwa. Juzi nimefunga gurudumu la lori bila nati mbili, mwenzangu akaniona. Kama hutaki kunisamehe sawa, lakini mwambie shangazi aniandikie neno moja tu, kama u mzima.

Kaka yako,
Dismasi

Ujiji
18 Agosti 1976

Kaka,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya Julai nilipoisoma nilikukasirikia hasa. Ulimwambia Leodgar gari tayari nawe ulijua si tayari. Hilo ni kosa lako na sitakuondolea. Ila siku ya pili yake nilimwambia anilete huku kwa shangazi, akaendesha kama amebeba mayai.

Mtoto amezaliwa tarehe tatu. Ni wa kike, mzima, ananyonya kama ananidai.

Sasa kaa chini usome. Yule wa kwanza alikuwa ameacha kucheza tumboni siku mbili kabla hatujapanda gari. Niliamka Jumanne sikumsikia. Nikanyamaza, maana niliona nikisema ndipo itakuwa kweli. Alhamisi nikamwambia Leodgar kiuno kinauma, anipeleke hospitali. Kwa hiyo hakufia njiani, na hakuuawa na springi. Wote waliposema ni barabara niliitikia, ilikuwa rahisi kuliko kuulizwa kwa nini sikusema mapema.

Sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Leo asubuhi nimemwambia. Kumbe naye miaka yote hii alikuwa anajilaumu kwamba aliendesha kasi. Alitoka nje, akaingia kwenye gari la baba, akakaa humo peke yake mpaka uji ukapoa.

Mwaka wa kwanza hata ungeniuliza, nisingekujibu. Mwaka wa pili nilikuwa nangoja barua yako nikuambie wewe kwanza.

Mdogo wako,
Verediana