Kichwa Changu Shuleni Chaka

Mama Njeri,

Huko Wang'uru mnaota jua, huku Chaka baridi hainiachi nikae. Njeri wetu anafundisha wasichana Kizungu na kazi ya kinyozi, na kichwa cha kujifunzia ni changu! Leo ilikuwa zamu ya Mumbi, msichana mwoga. Alisema akishindwa kumwongoza mteja kwa Kizungu, anaacha masomo. Lakini nani humwamuru mzee? Akaniita babu kwa Kikuyu, akanong'ona tu, "Guka, please..." Nikainuka, nusu kichwa imenyolewa, nikaenda dirishani kuangalia mbuzi. Nikarudi, nikainuka tena makusudi, aniamuru. Ati mtoto akalipuka: "Guka, sit down! Don't move!" Wenzake wakapiga vigelegele. Nikatulia kama kondoo. Sasa haachi masomo, na mimi siruhusiwi hata kukohoa. Niombee nitoke hapa na masikio yote mawili.

Mzee wako, kipara