Irabu za Baba

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku wazima wa mwili. Baba anakula vizuri, macho ndiyo hivyo tena, hata mwanga wa dirishani hauoni. Mimi sijambo, ila nina donge rohoni, na nisipokwambia wewe litanikaba.

Unajua tangu macho ya baba yalipozima, kila alasiri namsomea madaftari yake ya duka la saa, yale aliyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tunaoweza kuusoma mwandiko ule ni wewe na mimi tu. Kaka alikuwa akitoroka kwenda kucheza mpira. Basi sasa mke wa kaka, wifi yetu wa kompyuta, ameamua kuyachapa yote ili simu imsomee baba. Hakuniuliza. Alikuja na kompyuta yake, akakalia kigoda changu kando ya kitanda, akaanza kunakili herufi kama anavyoziona.

Nikasema moyoni, atashindwa. Na kweli mwanzoni alishindwa. Baba alikuwa akiandika mbiombio, mteja mmoja akitoka mwingine akiingia, akiziruka fataha, kasra na dhuma, zile alama za irabu a, i na u, kwa sababu yeye alijisomea tu. Simu haijui hayo. Ilikuta kafu mbili, yaani k mbili, zisizo na alama, ikasoma kwamba kuku mkubwa alikuja dukani kuazima bisibisi. Baba aliandika kaka, yaani kaka yake mkubwa. Baba alicheka mpaka akaomba maji. Miaka yote hii nasoma sawasawa, na sijawahi kumchekesha hivyo.

Wifi akanieleza, taratibu kama anayemfundisha mtoto, kwamba kwenye kompyuta irabu haikushikana na herufi. Kwa macho unaiona imekaa juu au chini yake, lakini ndani inahifadhiwa peke yake, ina namba yake, imepangwa nyuma ya herufi inayoihusu. Usipoiandika haipo, na simu inabaki kubahatisha. Kwa hiyo akaniomba nikae naye nimtajie irabu moja moja. Umeona mambo? Nimpe kwa mkono wangu mwenyewe kitu cha kuniondoa mimi.

Madaftari mawili ya kwanza nilimtajia, kwa kuwa baba alikuwa palepale anasikiliza. Simu ikayasoma bila kosa. Siku hizi baba anamwita wifi “mwanangu”, na akisikia hatua zake koridoni anaweka shati lake sawa. Nikiingia mimi, anauliza kama chai iko tayari. Nimekuwa naionea wivu hata simu, dada. Juzi niliikuta iko kwenye chaji, nikaichomoa.

La tatu nimekataa. Nimemwambia wifi kichwa kinaniuma. Jana nikamuuliza baba waziwazi kama simu inasoma vizuri kunishinda. Akasema hapana, sauti yake ni kama ya mtu aliye ndani ya pipa, lakini haishushi pumzi kila inapofungua ukurasa. Akasema ni yeye mwenyewe aliyemwomba wifi aifanye ile kazi, kimyakimya, kwa kuwa alisikia nimechoka naye.

Ni kweli nachoka. Kuna siku nasoma huku nawaza nguo zilizo kwenye kamba. Lakini uchovu huo ni wangu, sikumwomba mtu anipokee. Nikishaondoka kwenye kile kigoda, sijui baba ataniitia nini tena zaidi ya chai.

Sasa nisikilize. Wifi atakupigia na kukutumia picha za kurasa, maana umebaki wewe tu wa kumtajia irabu. Nakuomba, mwambie umesahau kuusoma mwandiko ule.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Baba ameisikia kalamu, akaniuliza namwandikia nani, kisha akataka nimsomee. Nimemsomea salamu tu. Amesema nisome tena.

Mdogo wako,
Chiriku