Shimo la Kwanza

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Sitoki.

Unalijua lile gemu la zamani la kukimbia na kuruka mashimo, tunalolifufua? Leo bosi kamwalika mama aliyelitunga. Kaja na mwanawe, mtu mzima mwenye mvi.

Mimi na kiherehere changu nikasimama mbele ya wote. "Zamani shujaa akipita ukingo wa shimo alikuwa anaelea kidogo kabla ya kuanguka. Ulikuwa uzembe tu. Nimeuondoa."

Nilisema uzembe. Mama mwenyewe kakaa pale ananitazama.

Akampa mwanawe pedi ya gemu ajaribu. Jamaa akatumbukia shimo la kwanza. Akarudia, akatumbukia tena. Mara ya tatu ndipo nikaviona vidole vyake. Vimekakamaa, vinachelewa kubonyeza.

Mama akasema taratibu, "Kule kuelea nilikuweka kwa ajili yake. Alikuwa na miaka saba, wenzake wanamcheka."

Uzembe, shoga. Niliita uzembe.

Halafu mwanawe akanirudishia pedi kwa mikono miwili. "Samahani, dada. Zamani nilikuwa naliweza hili."

Yeye ndiye aliyeomba samahani.