Tela la Baba

Cofimvaba, Jumanne

Kaka Mncedisi,

Huku sisi tu wazima, na mahindi yameota vizuri. Baba amenunua tela kuukuu la kubebea farasi, na wiki iliyopita tulilipeleka kukaguliwa ili lisajiliwe.

Mkaguzi aliinua mkeka wa mpira uliotandikwa sakafuni, akachoma mbao kwa bisibisi. Ikazama mpaka mpini.

"Mzee, hapa farasi angetumbukiza mguu barabarani! Wakati wa kununua hukuona?"

Baba akacheka. "Nilitazama magurudumu, mwanangu."

Kaka, huyo ndiye Baba aliyekuwa akimtambua farasi anayechechemea ng'ambo ya bonde. Mkaguzi akampa karatasi ya matengenezo aitie sahihi. Baba akaandika jina lake mezani, nje ya karatasi.

Daktari alimwambia tangu Machi kwamba macho yanakwisha. Baba alinikataza nisikuambie.

Sasa mbao mpya zimepigiliwa, tela limepita ukaguzi na namba limepata. Jumamosi Baba anataka kulivuta kwa gari, akiendesha mwenyewe, mpaka kwenye mashindano ya farasi. Nimeficha ufunguo wa gari. Kila asubuhi anauulizia, nami namsaidia kuutafuta.

Njoo, Kaka.

Dada yako,
Nobesuthu